Kioo cha Mbele cha Motokari: Mambo Yafaayo Kujuliwa Kabla ya Kukibadilisha

Jiwe lisilozidi punje ya hindi, likirushwa na gurudumu la lori, latosha kukipasua kioo cha mbele cha motokari. Madereva wa Katanga wanalijua vema neno hili. Katika barabara itokayo Kasumbalesa, ikapita Lubumbashi na Likasi hadi Kolwezi, malori ya madini hupita usiku na mchana, na kokoto zilizolala kando ya lami hurushwa kama kwa kombeo. Huko Goma mawe ya volkano hayaishi njiani. Nazo njia za udongo za vijijini zina changarawe tele. Basi mwenye motokari katika nchi yetu, awe na gari la jamaa au taksi ya kutafutia riziki, atakutana na shida hii siku moja.

Siku ile jiwe lipigapo, watu wengi husema: «Si neno. Ni dirisha tu. Tutatafuta kioo cha bei nafuu, na fundi atakigandisha leo leo.» Wasomaji wapenzi, fikira hiyo ndiyo tunayotaka kuipinga leo. Kioo cha mbele si dirisha tu. Ni kiungo cha mwili wa motokari, kama vile nguzo na dari. Kikitiwa vibaya hakuna atakayetambua kwa macho, maana kitang'aa sawasawa na kilichotiwa vema. Tofauti itaonekana siku ya ajali, na siku hiyo hakuna nafasi ya kurudi kwa fundi.

KIOO HIKI KIMEUNDWAJE?

Zamani, motokari za kwanza zilitiwa vioo vya kawaida, kama vile vya madirisha ya nyumba. Ajali ilipotokea, vipande vyenye makali viliwakata watu usoni na shingoni. Yasimuliwa kwamba mwaka 1903 mtaalamu wa kemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa sakafuni. Ilipasuka, lakini vipande vyake havikutawanyika. Alipoichunguza akaona ya kuwa dawa iliyokuwa ndani yake zamani ilikauka na kuacha utando mwembamba, na utando huo ndio ulioshika vipande. Mwaka 1909 aliandikisha uvumbuzi wake, vioo viwili vyenye utando katikati, akauita Triplex. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, kioo cha namna hiyo kilitumika katika vinyago vya kuwakinga askari na hewa ya sumu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Henry Ford akakitia katika motokari zake.

Hata leo kanuni ni ile ile. Kioo cha mbele ni mabamba mawili ya kioo, kila moja lenye unene wa milimita 2 hivi. Katikati yake mna utando wa plastiki iliyo ngumu kurarua, wenye unene wa robo tatu ya milimita. Jiwe likipiga, bamba la nje hupasuka, lakini utando huvishika vipande mahali pake, na dereva huendelea kuona njia.

Vioo vya ubavuni na cha nyuma kwa kawaida si vya namna hii. Hivyo hutiwa katika moto mkali, kisha hupozwa ghafula kwa upepo. Kwa hiyo huwa vigumu sana, lakini vikivunjika husagika vyote mara moja kuwa punje ndogo zisizo na makali. Kwa miaka mingi motokari nyingi za Ulaya zilitiwa kioo cha namna hiyo hata upande wa mbele. Likipiga jiwe moja tu, kioo chote kiligeuka cheupe kama maziwa katika nukta moja, na dereva hakuona kitu. Ilimbidi atoboe tundu kwa ngumi huku gari likiendelea kwenda! Ndiyo sababu siku hizi upande wa mbele hutiwa kioo cha mabamba mawili. Fundi akikuletea kioo cha bamba moja kilichokatwa kwa kupima, usikikubali hata akikupa bure.

KAZI TATU ZA KIOO CHA MBELE

Kazi ya kwanza kila mtu anaijua: kuzuia upepo, mvua, vumbi na mawe, na kumwezesha dereva kuona.

Kazi ya pili ni kuwazuia watu wasitupwe nje. Motokari ikigonga kitu, miili ya abiria huendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule. Mkinzi wa kwanza ni mkanda, na hakuna kioo kiwezacho kushika nafasi yake. Lakini kioo kilichoshikamana vema na bati ni mkinzi wa pili. Tena, katika magari mengi ya siku hizi, mbele ya abiria umefichwa mfuko wa hewa. Gari likigonga, mfuko huo hujaa kwa muda ulio mfupi kuliko kupepesa jicho. Katika motokari nyingi hupanda juu, hukipiga kioo cha mbele, kisha hukiegemea ili kumpokea abiria. Je, kioo kikiwa hakikushikamana? Mfuko utakisukuma nje, nao wenyewe utatoka pamoja nacho, na mama aliyeketi hapo atakuta mahali patupu.

Kazi ya tatu ni kusaidia kuibeba dari. Motokari ikipinduka, uzito wake wote huangukia dari. Nguzo za chuma hubeba sehemu kubwa, na kioo kilichogandishwa imara huzisaidia zisikunjike. Kioo kikichomoka, nguzo zitabaki peke yake, na dari itashuka juu ya vichwa vya watu.

Basi, kazi mbili katika hizo tatu hazitegemei kioo chenyewe tu. Zategemea gundi inayokishika, na gundi hiyo haionekani, maana imefichwa chini ya ukingo mweusi wa kioo. Tulikumbuke neno hili, kwani yote yafuatayo yatoka hapo.

KUTENGENEZA AU KUBADILISHA?

Kabla ya kununua kioo kipya, tuulize kwanza kama ni lazima. Si kila kidonda cha kioo chahitaji kioo kingine. Kidonda kidogo chaweza kuzibwa: fundi hutoa hewa katika ufa, hutia utomvu maalum ulio mwepesi kama maji, kisha huukausha kwa taa ya mionzi isiyoonekana. Kazi hiyo yaweza kumalizika kwa muda wa nusu saa, na bei yake ni ndogo sana kuliko bei ya kioo kipya. Alama ndogo hubakia, lakini ufa hauendelei.

Ni kidonda gani kiwezacho kuzibwa? Kwa kawaida ni kile kisichozidi ukubwa wa sarafu, kisichokuwa mbele ya macho ya dereva, kisichofika karibu na ukingo wa kioo, tena kilicholiumiza bamba la nje peke yake. Pitisha ukucha wako upande wa ndani, mahali panapoelekeana na kidonda. Ukihisi mkwaruzo, bamba la ndani nalo limepasuka, na kioo hicho hakina budi kubadilishwa. Kadhalika ufa mrefu, na ufa ulioanzia ukingoni, hauzibiki kwa kuaminika, kwa sababu ukingo ndipo mahali penye kuvutwa zaidi gari linapoyumba katika mashimo.

Wazee husema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo yafaa sana hapa. Mara jiwe lipigapo, ubandike juu ya kidonda kipande cha utepe safi unaopitisha mwanga, ili vumbi na maji yasiingie, kisha uende kwa fundi upesi. Ufa uliojaa matope hauwezi kuzibwa vizuri. Wala usimwage maji baridi juu ya kioo kilichochomwa na jua la mchana, maana kioo hupanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, na ufa wa kidole kimoja waweza kuvuka kioo chote kwa dakika moja.

KUCHAGUA KIOO

Ikiwa ni lazima kubadilisha, angalia kwanza maandiko madogo katika pembe ya kioo. Kioo kilichopimwa kwa kanuni za Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 6 ni Ubelgiji. Karibu yake utaona 43R, yaani kanuni ya 43 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari. Vioo vilivyokusudiwa kwa Marekani huwa na herufi DOT. Kioo kisichokuwa na alama yoyote ya kupimwa hakifai kununuliwa, hata kikionekana safi namna gani.

Pili, hakikisha kwamba kioo ni cha gari lako hasa. Jina la gari halitoshi. Motokari nyingi zilizofika kwetu kutoka Japani, kwa njia ya bandari ya Dar es Salaam, zina usukani upande wa kuume. Huenda kioo chake kikatofautiana kidogo na cha gari la jina lile lile lililoundwa kwa ajili ya Ulaya. Magari mengine yana nyuzi za redio ndani ya kioo, mengine yana kifaa kinachohisi mvua, mengine yana kamera nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Basi andika namba ya chasi, uende nayo kwa muuzaji.

Juu ya kamera hizo tuongeze neno. Katika magari mapya husoma mistari ya barabara, na hata kulisimamisha gari mbele ya kizuizi. Kioo kikibadilishwa, yabidi kamera ilinganishwe upya kwa mashine, kwani ikipotoka kidogo tu itaona njia mahali isipo. Ikiwa gari lako lina kamera ya namna hii, mwulize fundi mapema kama anayo mashine ya kazi hiyo.

Tatu, tuseme juu ya vioo vilivyotumika, vitolewavyo katika magari mabovu. Bei yake huvuta. Lakini kioo kilichogandishwa na gundi ni vigumu kukitoa bila kukijeruhi ukingoni, na jeraha dogo la ukingoni hugeuka ufa mkubwa baada ya safari chache. Mara nyingi mtu aliyenunua kioo hicho hununua kingine kabla ya mwaka kwisha. Rahisi ni ghali.

KAZI YA FUNDI, NA JINSI YA KUITAZAMA

Katika magari ya zamani na malori kadha wa kadha, kioo hushikwa na ukanda wa mpira bila gundi. Fundi hutia kamba ndani ya mfuo wa mpira, huweka kioo mahali pake, kisha huivuta kamba kutoka ndani, na mdomo wa mpira hupanda juu ya bati. Hapo la kuangalia ni mpira: ukiwa mkavu na wenye nyufa, ununuliwe mpya pamoja na kioo.

Lakini karibu motokari zote za abiria zilizoundwa tangu miaka ya 1990 zina kioo cha kugandishwa. Yafaa mwenye gari akae karibu na kuitazama kazi. Hatumaanishi kumsumbua fundi. Twamaanisha kujua kinachofanyika.

Kwanza, fundi hukata gundi ya zamani kwa kisu au kwa waya mwembamba. Akiwa mwangalifu hataikwaruza rangi. Akiikwaruza, apake hapo dawa ya kuzuia kutu kabla ya kuendelea. Akikuta kutu ya zamani chini ya gundi, lazima aisugue mpaka chuma kionekane, kisha aitibu na kuipaka rangi. Gundi ikitiwa juu ya kutu itashika kutu tu, na kutu haishiki kitu.

Pili, watu wengi watashangaa kusikia kwamba gundi ya zamani haifai kuondolewa yote. Fundi hodari huipunguza kwa kisu mpaka libaki tabaka jembamba la milimita 1 au 2, lililo safi na lenye kushika imara, na juu yake hutia gundi mpya. Hakuna mahali ambapo gundi mpya hushika vizuri zaidi.

Tatu, kioo kipya husafishwa ukingoni kwa dawa yake, kisha katika kazi nyingi hupakwa maji meusi ya kutangulia gundi, nayo huachwa yakauke kwa dakika zilizoandikwa. Tangu hapo mtu asiguse ukingo kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi, ijapokuwa hayaonekani, huizuia gundi isishike. Ule ukingo mweusi wa kioo nao si pambo. Umewekwa ili mionzi ya jua isiifikie gundi na kuiharibu.

Nne, gundi hutolewa kama mstari mmoja usiokatika, mnene, wenye umbo la pembetatu, kuzunguka kioo chote. Mara moja watu wawili hukiinua kioo kwa vishikio vya kunyonya na kukiweka mahali pake kwa dakika chache tu, kabla uso wa gundi haujaanza kukauka.

Tano, na hili ni kubwa: gundi yenyewe iwe ile iliyotengenezwa kwa vioo vya magari, iitwayo poliurethani. Silikoni ya kuzibia madirisha na mabafu haifai hata kidogo. Huzuia maji, ndiyo, na kwa hiyo humdanganya mtu. Lakini haina nguvu ya kukishika kioo siku ya ajali, tena silikoni ya kawaida, ile yenye harufu ya siki, hula bati na kuleta kutu. Omba kuuona mrija wa gundi. Soma jina lake, na usome tarehe ya mwisho wa kutumika. Gundi iliyopita tarehe yake, au iliyokaa dukani katika joto kali, haiaminiki.

GUNDI HAINA HARAKA

Sasa tumefika penye jaribu lililo gumu kuliko yote. Kioo kimekwisha wekwa, chang'aa, gari lapendeza. Dereva wa taksi ameshika funguo mkononi. Tangu asubuhi hajapata abiria hata mmoja, na jioni mwenye gari atadai fedha yake ya siku. «Fundi, niruhusu niende. Nitakwenda polepole.»

Fundi akimpenda dereva huyo, atamjibu: «Hapana, ndugu yangu, bado.»

Poliurethani ya magari kwa kawaida haikauki kwa jua kama matope. Huwa ngumu kwa kunywa unyevu wa hewa, kuanzia nje kuelekea ndani, mara nyingi milimita 3 au 4 tu kwa siku moja. Kwa hiyo kuugusa uso wake kwa kidole si kuipima, maana uso huwa mkavu wakati moyo wake ungali laini. Kila gundi njema ina muda wake ulioandikwa na watengenezaji, ambao kabla haujapita gari lisiende njiani. Nyingine huruhusu baada ya saa 1, nyingine huhitaji saa kadhaa, nyingine siku nzima. Muda huo hubadilika kwa kadiri ya joto na unyevu, na mara nyingine huwa mrefu zaidi kwa gari lenye mifuko ya hewa.

Hapa wenyeji wa Katanga waangalie sana. Wengi hungoja kiangazi ili kutengeneza magari yao, wakisema kwamba wakati usio na mvua ndio mwema kwa kazi ya gundi. Ni kweli kwamba mvua haifai kunyesha juu ya kazi inapofanyika. Lakini katika miezi ya Juni na Julai hewa ya Lubumbashi ni kavu, na usiku kipimajoto huweza kushuka chini ya digrii 10. Hewa kavu na baridi ndivyo viicheleweshavyo gundi. Basi muda wa kungoja katika kiangazi ni mrefu kuliko ule wa masika, wala si mfupi. Fundi asiyelijua neno hili atakupa saa zile zile mwaka mzima, nawe utaondoka na kioo kilichokaa tu, hakijashikamana.

Twawaambia na wenye taksi neno moja bila kuficha. Dereva anayedaiwa fedha kamili siku ya kutengeneza kioo hataweza kungoja, hata akijua hatari yote tuliyoieleza. Kwa hiyo mwenye gari amsamehe fedha ya siku hiyo. Hasara ya siku moja yajulikana kipimo chake. Hasara ya kioo kinachochomoka na abiria watano ndani, nani atakayeipima?

BAADA YA KULICHUKUA GARI

Kwa siku ya kwanza fuata mashauri haya. Acha dirisha moja wazi kwa upana wa kidole, maana mlango ukifungwa kwa nguvu katika gari lililofungwa kote, hewa hukisukuma kioo kwa nje. Fungeni milango polepole, na watoto waambiwe hivyo. Usibandue tepe ambazo fundi amebandika ukingoni mpaka kesho yake. Epuka njia za mashimo makubwa na mwendo wa kasi. Usilioshe gari kwa mashine ya maji yenye nguvu kwa siku mbili.

Kisha lijaribu. Siku ya pili mwagia maji ya kawaida ukingoni, huku mtu mwingine akitazama ndani. Zulia likilowa, au ukisikia upepo ukipiga mluzi njiani, au ukiona kioo kinatikisika, rudi kwa fundi. Usikubali azibe tundu kwa silikoni juu juu. Mahali palipopitisha maji ni mahali ambapo gundi haikushika.

JUU YA FEDHA

Wengine watasema: «Mashauri haya ni mema, lakini mfuko wangu ni mdogo.» Twaelewa. Bima iliyo ya lazima hulipa madhara waliyopata watu wengine. Kioo chako mwenyewe hakimo, isipokuwa umelipia nyongeza ya vioo. Soma mkataba wako kabla ya kulipa, upate kujua. Tena, weka akiba kidogo kila mwezi, hasa ikiwa njia yako ni ya malori. Nawe waweza kupunguza hatari: usilifuate lori karibu karibu, na mnapopishana penye kokoto, punguza mwendo, kwani nguvu ya jiwe hutoka katika mwendo wako pia. Badili vifagio vya kufutia mvua mpira wake unapochakaa, maana hukwaruza kioo.

Lakini fedha ikipungua kabisa, ni afadhali kuliacha gari nyumbani kwa juma moja na kungoja, kuliko kukubali kazi ya ovyo kwa bei ya ovyo. Katika kazi hii, kinachopunguzwa bei mara nyingi ni kile kisichoonekana: gundi nzuri, dawa ya kutu, na saa za kungoja.

Kwa hiyo, kabla hujamkabidhi fundi funguo, mwulize maswali manne. Kioo hiki kina alama gani? Gundi yako yaitwaje, na tarehe yake ni ipi? Ukikuta kutu utafanya nini? Na gari langu litakaa hapa saa ngapi, kwa joto na hewa ya leo? Fundi mwema hatakasirika. Atafurahi kumpata mtu anayeithamini kazi yake. Lakini akicheka na kusema, «Lete tu, saa moja yatosha, hayo mengine ni maneno ya vitabuni», basi mshukuru kwa heshima, chukua funguo zako, ukamtafute mwingine.